Maji Baridi Kwanza

Karatasi tisa ndani ya bahasha ya kaki.
Fergus wa ofisini alinikabidhi
kama anayempa mtu majibu ya daktari:
"Wameandika wenyewe, bila majina.
Kasome nyumbani, Mwajabu."

Nilisomea kituoni, saa kumi na mbili asubuhi,
zamu ya usiku ikiwa bado magotini,
glavu moja mkononi, nyingine nimeing'ata,
theluji ya Dundee ikianguka kwa uvivu
kama kibarua asiyesimamiwa.

Ya kwanza: *Anaijua kazi.*
Nikatabasamu.
Ya pili: *Anaijua kazi, na hataki mwingine aijue.*
Ya tatu: *Akisema "tumekosea," ni sisi.
Akisema "tumefaulu," ni yeye.*
Ya nne: *Chai ni dakika 15. Kwake ni 7.*
(Saba iliyokatwa tumbo kwa mstari. Zbigniew huyo!)
Ya tano: *Mwanangu alipolazwa, aliniuliza
nani atashika zamu. Swali la pili sikulisikia.*

Basi likaja. Likaenda bila mimi.

Mkubwa ni jalala, nimejiambia miaka yote,
na watupe watakacho, nitabeba.
Kumbe jalala hubeba tu,
halisomi kinachotupwa.

Jikoni nikazipanga mezani kama karata,
nikaanza kumsaka mwenye kila mwandiko,
huku jibu la kila mmoja likichemka:
na wewe uliyechelewa Jumanne, na wewe
uliyeunguza foronya arobaini za wodi ya watoto!
Majibu manane, makali, yamenyooka kwa pasi.

Ya tisa haikuwa na neno.
Imekunjwa mara nne, na katikati
nukta moja ya wino,
mahali kalamu ilipotua, ikasita, ikaondoka.

Hiyo nikakosa la kuijibu.

Miaka kumi na tisa nafua mashuka ya hospitali.
Kila mgeni wa kazi namfundisha siku ya kwanza:
damu, maji baridi kwanza.
Ukiitia maji ya moto unaipika,
na doa lililopikwa huwa mwenyeji wa shuka.
Najua hilo kwa pamba.
Kwa Eilidh, mbele ya mashine zote,
nilimwaga birika zima.

Jumatatu nikaingia na salamu,
nikamwita Shona kwa jina la Eilidh.
Wakacheka, si kwa wema.
Jumatano nikasimama mbele yao:
"Niambieni ninapokosea."
Mashine tu ndizo zilizojibu.
Nani atamnyooshea kidole mwenye funguo
hadharani, saa nane za usiku?

Basi nikawa nakunja mashuka na mmoja mmoja,
yeye ncha zile, mimi hizi,
tukikutana katikati, tukiachana.
Nikiuliza, nahesabu kimoyomoyo hadi tano.
Tano ni safari ndefu
kwa mtu aliyezoea kujijibu mwenyewe.
Zbigniew alinyamaza wiki tatu.
Ya nne akasema chai, na kuhusu chai
tulizungumza dakika kumi na tano kamili.

Mwezi Mei, kikaoni, Nkechi akanikazia macho:
"Hapo umenikatiza."
Masikio yakawaka. Jibu langu
lilikwisha vaa viatu, limeshika kitasa.
*Maji baridi.*
"Endelea," nikasema.
Akaendelea. Na akaendelea.
Si yote yalikuwa ya haki,
mengine bado yananiuma nikipiga mswaki.

Ile ya tisa naishi nayo mfukoni mwa aproni.
Mwenyewe simjui, na nimeacha kumtafuta.
Juzi niliifua kwa bahati mbaya.
Ikatoka laini kama kitambaa,
imechanika pembe mbili.
Nukta ipo.